Ngazi za zege ndani ya Nyari? Subiri kwanza uone maji yanapita wapi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana huku Marafa, kaunti ya Kilifi, wengi wetu twaongoza wageni wanaokuja kuangalia lile korongo la Nyari, ile wazungu wanaiita Hell's Kitchen. Watu wameongezeka na kila mtu anateremkia pale anapotaka, njia zimechimbika na mvua kubwa ya msimu uliopita ilikata moja kabisa. Sasa tumepata mfadhili, yuko tayari kutoa pesa, lakini yeye anataka ngazi za zege kutoka juu mpaka chini halafu njia ya kuzunguka korongo zima kule chini. Vijana wamefurahi, wazee wamenuna. Tuanzie wapi? Na hizo ngazi zitakaa?"

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho manake ndilo lenye haraka, kabla kontrakta hajamwaga kokoto pale. Ngazi zenyewe zitakaa. Zege likichanganywa vizuri na nondo zikapangwa sawa linakaa miaka na miaka. Kitakachoondoka ni hiyo ardhi iliyo chini yake.

Wewe hapo ni kwenu unaijua Nyari kuliko mimi, lakini hebu tuiangalie kwa jicho la mtu wa njia. Zile kuta nyeupe, za waridi, za rangi ya machungwa na nyekundu ni mchanga na udongo mfinyanzi uliolala tabaka juu ya tabaka zama za Pliosini, hapo kati ya miaka milioni tano na milioni mbili na nusu iliyopita, na haukuwahi kukaza ukawa jiwe la maana. Kuna sehemu ukikwaruza kwa ukucha inatoka unga, ni kama sukari guru, ikiwa kavu yaonekana ngumu, ukiimwagia maji inalegea. Sasa zege halinywi maji. Mvua ikipiga, maji yote yanateremka juu ya zile ngazi kwa kasi, yanatafuta pa kutokea, yanakula ubavu wa kushoto na wa kulia kisha yanaingia chini. Mwanzo utaona upenyo wa kuingiza kidole, masika inayofuata unaingiza mkono, baada ya hapo mbuzi anapita. Juu ngazi ziko vizuri tu, mfadhili akija anapiga picha, kumbe zinaning'inia. Na siku zikivunjika ndio mtajua kazi, manake vipande vya zege vyenye nondo huwezi kuviacha mle na kuvipandisha juu ni mabega ya watu.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu, na hayo mengine yote nitakayosema ni kuufafanua tu: pesa nyingi ya huyo mfadhili iende juu, ukingoni, na kwenye kutuliza maji. Chini teremsheni watu kwa njia moja peke yake, nyembamba, ya vitu vinavyong'oleka na kubadilishwa. Na ile ya kuzunguka korongo zima kule chini muiache kabisa.

Turudi kwa maji. Watu wakifikiria njia wanafikiria miguu, lakini mimi kazi yangu ya miaka yote ya kupima njia za msituni na mitaro ya barabara imenionyesha kwamba njia inauliwa na maji kabla ya kuuliwa na miguu. Miguu inakanyaga, udongo unabanana, pale katikati panakuwa chini kidogo kuliko pembeni, na mvua ya kwanza ikija inakuta mfereji umeshachimbwa tayari inauchukua. Hizo njia zenu zilizochimbika, nina hakika karibu zote zinateremka moja kwa moja, yaani mtu ameona chini akashuka wima. Hiyo ndiyo njia ambayo hata maji yangejichagulia.

Sasa kabla ya kuchora kitu chochote, masika ikiingia, ile Aprili mpaka Juni, mkae pale juu mvua ikinyesha. Si ukingoni kabisa jamani, mbali kidogo, udongo ukiloa ndio wakati ukingo unapoanguka. Kila mmoja na simu yake, mpige video maji yanatoka wapi na yanamwagikia wapi. Mtashangaa. Mtaona yale yanayoingia Nyari mengi hayaanzii Nyari, yanatoka kwa barabara ya murram, kwa uwanja wa kuegesha magari, kwa njia ya ng'ombe, kwa uwanja wa nyumba uliofagiwa ukabaki mtupu. Kila njia iliyonyooka kuelekea ukingoni ni korongo dogo linalojitayarisha. Pale maji yanapodondokea ukingoni yanachimba kwa nyuma, hatua kwa hatua kuja upande wa kijiji, na ndio maana hilo bonde halisimami mahali pamoja.

Hapo juu ndipo pa kuanzia kazi. Muulizeni afisa wa kilimo wa ward, haya mambo anayajua, ni yale yale ya kuhifadhi udongo shambani ambayo wakulima wa Kenya wamefanya miaka mingi, makinga maji ya fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake unatupwa upande wa juu, na mengine. Ila kuna tahadhari moja ambayo shambani haipo: msichimbe mitaro ya kunywesha maji ardhini karibu na ukingo. Shambani unataka maji yazame, hapa yakizama karibu na ukuta yanalainisha tabaka la mfinyanzi huko ndani na ukuta unateleza kipande kizima. Ya karibu na ukingo yaelekezeni taratibu, kwa mtaro wenye nyasi na mteremko mdogo, yaende mbali mpaka kwenye korongo dogo la asili ambalo tayari linapeleka maji, na humo muweke vizuizi vya mawe, vidogo vidogo na vingi, si kimoja kikubwa.

Na msije mkaniambia mnataka kuzuia mmomonyoko wote. Mmomonyoko ndio uliotengeneza Nyari, mvua na upepo. Mkiuzuia wote kuta zitaota nyasi, na sijui nani atatoka Malindi mjini avuke Sabaki, apite Mambrui, akate kushoto ale vumbi mpaka Marafa aje kuangalia nyasi. Mnachozuia ni ule mmomonyoko mnaouleta nyinyi na wageni wenu.

Haya, njia ya ukingoni. Huko Marekani, jimbo la Utah, kuna hifadhi inaitwa Bryce Canyon, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1928, na ukiona picha zake utadhani ni dada mkubwa wa Nyari, zile nguzo za mawe za rangi ya machungwa, ingawa kule kinachochonga zaidi ni barafu inayoganda usiku na kuyeyuka mchana. Sasa angalia walivyopanga. Kuna njia ndefu ya kutembea inayofuata ukingo, kama kilomita 9 kutoka mwanzo hadi mwisho, na kipande chake kati ya vituo viwili maarufu kimetiwa lami na ni karibu tambarare, mzee anapita, mtu wa kiti cha magurudumu anapita, mama na mtoto mgongoni anapita. Njia za kuteremka zipo lakini ni chache na zimechaguliwa, na kuna sehemu moja ya mwinamo mkali inaitwa Wall Street ambayo kila msimu wa baridi inafungwa kwa sababu mawe yanaanguka. Wao wana jiwe gumu kuliko letu, wana mashine, wana askari wa hifadhi, na bado wanafunga. Sisi na huu mchanga wetu tunataka kuzungusha watu korongo zima?

Tena mgeni anataka nini hasa? Anataka jua linapozama zile rangi zinapowaka, na hiyo yaonekana vizuri ukiwa juu. Kuteremka ni kwa wale wenye nguvu na hamu, wapewe nafasi yao, lakini usijenge parki nzima kwa ajili yao.

Njia ya ukingoni ikae umbali gani na ukingo? Hakuna namba moja ya kila mahali. Mimi ningeanza na mita 10 kurudi nyuma, na pale mnapoona nyufa ardhini zinazofuata ukingo mrudi mita kadhaa nyuma ya ufa wa mwisho kabisa, hata kama njia itapoteza mandhari. Halafu sehemu mbili au tatu tu, mlizozichagua nyinyi, ndipo msogeze watu mbele waone. Chagueni pale ambapo tabaka la juu ni gumu na chini yake hapajaliwa. Kulijua hilo, mtu ateremke aangalie kutoka chini, manake ukiwa juu umesimama huwezi kujua kama umesimama juu ya ardhi au juu ya hewa.

Na hapa kuna kitu cha bei rahisi sana ambacho ningependa mfanye hata kama mfadhili atakimbia. Chukueni vipande vya nondo, kila kimoja kama nusu mita, mkipigilie ardhini mita 10 kutoka ukingoni, kibaki kimechomoza kidogo na kichwa kipakwe rangi nyeupe. Mviweke kuzunguka, hasa karibu na pale mnapotaka wageni wasimame. Kila nondo na namba yake. Mkipima msipinde utepe, kutoka nondo mpaka ukingo mstari ule ule, mwandike kwenye daftari: tarehe, namba, mita na sentimita. Mnapima kabla ya masika na baada ya masika, kabla ya vuli na baada ya vuli. Anayekwenda kupima afungwe kamba kiunoni na wenzake wawili waishike nyuma, hilo si la mzaha. Baada ya misimu michache mtakuwa na daftari linalosema ukingo unarudi kwa kasi gani na wapi, na mfadhili au kaunti au yeyote akija na michoro yake mnamfungulia daftari tu. Hakuna injinia atakayebishana na vipimo vyenu wenyewe.

Kuhusu kupima mteremko, msinunue mashine. Tengenezeni fremu ya A. Fito mbili za mita mbili na kidogo zifungwe juu, chini zipanuke mita 2 kamili, katikati fito ya kukatisha, halafu juu mfunge uzi wenye jiwe lining'inie. Simamisheni mahali, weka alama uzi unapogusa ile fito ya katikati, zigeuzeni miguu ikanyage pale pale kinyume, weka alama ya pili, katikati ya alama mbili ndio sawa. Sasa ujanja: mguu mmoja uweke juu ya kitu cha sentimita 20 kwenda juu, tofali au vipande vya mbao, hakikisha chini ni sawa, uone uzi unaangukia wapi, chora hapo. Hiyo ni asilimia 10, manake umepanda sentimita 20 kwa mita 2. Ukienda nayo ukingoni na kwenye ubavu wa bonde unajua hapo hapo kama njia yako iko ndani ya asilimia 10 au imezidi. Mafundi nao wana ile paipu yao ya maji ya kupimia level, inafaa pia kwa umbali mrefu, lakini fremu ya A mtu mmoja anatembea nayo.

Kwa nini 10? Kwa sababu njia ya udongo ikizidi hapo kwa mwendo mrefu maji yanaanza kubeba mchanga. Vipande vifupi vinaweza kuzidi. Na kuna kanuni nyingine watu wa njia duniani kote wanaifuata, mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu inaopita. Ubavu ukiwa asilimia 30, njia isizidi 15. Ukizidi, maji badala ya kukatisha njia na kuendelea zake yanaona afadhali yaifuate njia yenyewe. Kwenye ubavu wa bonde njia iiname kidogo upande wa nje, sentimita 5 kwa upana wa mita moja inatosha, maji yapite juu yake kwa upana yasikusanyike. Lakini ile ya ukingoni iiname upande wa kijiji, kinyume na korongo, ili isimwage maji ukingoni. Mafundi wengi hapo watawachanganyia, simameni nao.

Halafu kila mita 10 hadi 15 njia inayoshuka ipande kidogo, hatua mbili tatu, ndio iendelee kushuka. Kale kabonde kanatengenezwa makusudi, maji yakifika hapo hayawezi kupanda yanatoka nje. Mgeni hata hajui kwamba amepita juu ya mfereji. Hiki ndicho kitu kinachookoa njia kuliko kingine chochote, na ndicho wakontrakta wanakiacha kwa sababu hakionekani kwenye picha.

Sasa ile njia moja ya kuteremka. Itafuteni kwanza kati ya zile ambazo watu wanatumia sasa, msiongeze jeraha jipya. Chagueni iliyo kwenye mgongo, yaani pale ardhi imetuna kama nundu inayoteremka, si kwenye kibonde, manake kibondeni ni kwa maji. Upana mita moja inatosha. Mkikata ubavu, kanyagio lote likae juu ya ardhi iliyokatwa, msilijenge nusu juu ya udongo uliomwagwa nje, huo udongo wa kumwagwa ndio unaoteleza na mtu wake. Pale palipo na wima sana hapo sawa wekeni ngazi, lakini za nguzo za mvinje. Mivinje Malindi na Kilifi yote inapandwa, bei mnaijua. Nguzo moja ya mbele, mbili za pembeni, vigingi vya kuzishikilia, ndani mnajaza murram mnashindilia. Kipimo cha miguu: kimo cha ngazi mara mbili ukijumlisha na upana wa kukanyagia ije kama sentimita 63. Kimo 15, kanyagio 33. Ukifanya kimo 25 kama nilivyoona sehemu nyingi watu wanazikwepa wanapita pembeni, na pembeni ndio njia mpya ya panya imezaliwa.

Mchwa watazila hizo nguzo, ndiyo. Ndio maana nimesema vitu vinavyobadilishwa. Nguzo ikiliwa vijana wawili na jembe, sururu na nguzo mpya wanamaliza kabla ya saa sita, na ardhi ikisogea ngazi inasogezwa nayo. Muhimu ni kwamba maji yageuzwe kabla hayajafika ngazi ya juu kabisa, ngazi isiwe mfereji.

Zile njia nyingine zote za kuteremkia zifungwe. Kufunga si kuweka bango la "usipite hapa", hilo mtu anasimama mbele yake anapiga selfi. Weka matawi ya miiba mwanzoni, vunja kile kipande cha juu kinachoonekana kutoka kwenye njia kubwa, fukua udongo uliobanana upande mbegu za nyasi za hapo hapo, mtu asiione njia kabisa. Asiyeiona haifuati.

Chini bondeni msijenge kitu. Kabisa. Ile sakafu ni mto usio na maji siku nyingi za mwaka, lakini mvua ikija ni mto. Wekeni vigingi vifupi vya kuonyesha njia, vya kuhamishika, na muda wa kuwa chini uwe mfupi, mgeni asikae chini ya ukuta kula mkate. Nisisitize hapa kwa sababu watu wanasahau haraka: korongo la Ol Njorowa pale Hell's Gate, Naivasha, Aprili 2012 vijana wa kanisa saba walisombwa na maji, na Septemba 2019 watu saba wengine, pamoja na mwongozaji wao wa pale pale, mpaka KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakalifunga korongo. Mvua si lazima inyeshe pale uliposimama. Na msiseme Nyari ni ndogo. Kwenu muandike sheria moja, mwongozaji yeyote aliye zamu akiona wingu zito linajenga upande maji yanakotoka ana mamlaka ya kufunga njia ya kuteremka, na mwenyekiti au tajiri au mgeni wa mbunge akija asiweze kuifungua. Na ikifungwa ibaki imefungwa mpaka ardhi ikauke, siku za baada ya mvua ndio vipande vinamomonyoka.

Joto nalo. Grand Canyon wao wanawaambia watu wakati wa kiangazi wasiwe wanatembea bondeni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na kule kila mwaka watu wanabebwa wakiwa wamezidiwa. Nyari si refu hivyo lakini hizo kuta zinarudisha joto na upepo haufiki. Safari za chini ziwe asubuhi mapema au alasiri. Juu wekeni vibanda vya makuti na mtungi wa maji. Na muwe na machela, si kwenye bajeti ya baadaye, mwanzo kabisa, na vijana waliofundishwa huduma ya kwanza, manake mtu akiteguka kifundo kule chini ndio mtajua njia yenu ina upana wa kutosha watu wanne wakiwa wamembeba au haina.

Sasa wazee. Umesema wamenuna halafu ukapita haraka, lakini mimi hapo ningesimama. Je waliulizwa kabla au waliambiwa baada? Hadithi ya Nyari, ya ile familia tajiri iliyokuwa na ng'ombe wengi mpaka ikawa inaoga maziwa, Mungu akakasirika ardhi ikazama na wao, kila mwongozaji anaisimulia apate bakshishi, lakini mwenye haki ya kusema wapi pasikanyagwe ni wao. Kaya za Mijikenda, ile misitu mitakatifu, zimeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 na miko ya wazee ndiyo iliyozilinda miaka yote hiyo, uzio haukuwepo. Tembeeni nao ukingo mzima, taratibu, mmoja wenu na utepe wa kufunga kwenye vichaka. Wakisema hapa hapana, njia inazunguka. Pia waulizeni akina mama wanaopita kwenda kutafuta kuni na wachungaji wa mbuzi, kuna njia pale zilikuwepo kabla ya mgeni wa kwanza, mkiziziba kwa ajili ya utalii mtaletewa ugomvi na mtakuwa mmeutaka.

Upande wa makaratasi sitawachosha, lakini msishike pesa ya mtu kabla hamjajua ardhi imeandikwa kwa nani. Kama ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii ijisajili na ichague kamati ya watu kati ya 7 na 15, na makubaliano na mwekezaji hayasimami mpaka thuluthi mbili ya watu wazima wakubali kwenye mkutano ulioitwa kwa jambo hilo. Mfadhili si lazima awe mwekezaji, ila akitaka sehemu ya ada ya getini au akitaka kujenga kambi yake hapo ukingoni basi ameshakuwa. Ofisi ya ardhi Kilifi na ofisi ya NEMA, mamlaka ya mazingira, waulizeni mapema, kazi ya kukata ardhi mahali kama hapo inahitaji kibali cha mazingira, na mtaalamu wa kuandika ripoti lazima awe amesajiliwa nao.

Na mfadhili mwenyewe msimkatishe tamaa. Watu wa pesa wanapenda kitu kinachoonekana, ni haki yake. Mpeni hicho kipande cha ukingoni chenye mandhari nzuri kuliko vyote, tambarare, kigumu, mkongwe na mtu wa kiti cha magurudumu wapite, kibanda kizuri na kibao chenye jina lake, zege kidogo akitaka alitie hapo juu mbali na ukingo halitadhuru. Halafu mumuombe kitu ambacho wafadhili hawapendi kuombwa, sehemu ya pesa isitumike mwaka huu. Ikae ya kulipa kikosi cha vijana kila baada ya mvua wazibue vile vibonde, wabadilishe nguzo, wafunge njia za panya. Ada ya getini ilipwe kwa till moja ya M-Pesa ya kikundi, si simu ya mtu, na kila mwezi kiasi kitengwe cha hiyo kazi kabla ya kugawana. Nimeona njia nzuri sana, si hapo kwenu, iliyozinduliwa kwa ngoma na mahema na baada ya misimu miwili haipitiki, kisa hakukuwa na pesa ya jembe.

Akikataa kabisa, yaani ni ngazi za zege chini au hakuna, mimi ningemwambia ahsante karibu chai. Lakini kabla ya hapo mwonyesheni zile video za masika. Wengi wanabadilika wakiona maji.

Kwa hiyo mpango: sasa hivi nondo na daftari, kutembea na wazee, makaratasi. Masika ikija video. Ikikauka, mitaro ya juu na njia ya ukingoni. Kuteremka mwisho, baada ya vuli kuonyesha kama maji yamekubali kwenda mlikoyatuma. Ukipata picha za ule mgongo mnaofikiria kuteremkia nitumie, piga kutoka chini kwenda juu na mtu asimame katikati nipate kipimo, na uniambie uzi wa fremu ya A uliangukia wapi.